Somo la 14: Mathilde, Asteroidi Nyeusi

Katika masomo yaliyopita umejifunza kwamba sayari 8 hulizunguka jua. Zitaje kwa mpangilio, ukianza na ile iliyo karibu zaidi na jua: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Sasa fikiri juu ya umbali uliopo baina ya moja na nyingine. Kutoka njia ya Dunia hadi njia ya Mirihi ni kilometa milioni 78 hivi. Kutoka njia ya Mirihi hadi njia ya Mshtarii ni kilometa milioni 550. Pengo hilo la pili ni kubwa mara saba kuliko la kwanza. Je, ndani yake hamna kitu?

Kwa karne nyingi watu walilitazama pengo hilo bila kuona chochote. Tarehe 1 Januari, 1801, mtaalamu wa nyota aitwaye Giuseppe Piazzi, aliyekuwa akifanya kazi mjini Palermo katika kisiwa cha Sisilia, aliona kwa darubini yake kitone cha nuru ambacho hakikuwamo katika orodha ya nyota. Usiku uliofuata akakitazama tena. Kilikuwa kimehama kidogo. Nyota hazihami kwa namna hiyo, kwa hiyo kitone kile hakikuwa nyota. Kilipewa jina la Ceres. Miaka iliyofuata vikaonekana vingine, na vingine tena. Leo vilivyokwisha kuorodheshwa vimezidi milioni moja.

Vitu hivyo huitwa asteroidi. Maana ya neno hilo ni “kinachofanana na nyota”, kwa sababu katika darubini za zamani vilionekana kama vitone tu. Jina hilo haliwafai sana. Nyota ni jua lililo mbali, linalotoa nuru yake lenyewe. Asteroidi ni jiwe au mkusanyiko wa mawe, nayo haina nuru ya kwake. Tunaiona kwa sababu jua huimulika, kama vile unavyouona ukuta wa darasa lako mchana. Nyingi kati yake hulizunguka jua katika pengo lile baina ya Mirihi na Mshtarii, na mahali hapo huitwa ukanda wa asteroidi.

Usidhani kwamba ukanda huo umesongamana kama kokoto barabarani. Nafasi baina ya asteroidi moja na nyingine ni kubwa mno, hata vyombo vya angani vimeupita ukanda wote bila kugonga kitu. Tena, kama asteroidi zote za ukanda huo zingekusanywa pamoja, uzito wao usingefikia hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwezi wetu.

Katika somo hili tutajifunza habari za asteroidi moja, iitwayo Mathilde.

Kugunduliwa kwa Mathilde

Mathilde iligunduliwa tarehe 12 Novemba, 1885, na Johann Palisa, mjini Vienna, nchini Austria. Palisa alikuwa na macho makali na subira nyingi. Alizigundua asteroidi 122 kwa kutazama tu katika darubini na kulinganisha alichokiona na ramani za nyota, usiku baada ya usiku. Mathilde ni ya 253 katika orodha ya asteroidi zilizopewa namba, na hivyo jina lake kamili huandikwa 253 Mathilde. Yasemekana kwamba jina hilo lilikuwa la mke wa Moritz Loewy, mtaalamu wa nyota wa mjini Paris.

Wakati huo lililojulikana ni kwamba ipo, na njia yake ni ipi. Huchukua miaka 4 na karibu miezi 4 kulizunguka jua mara moja. Kama Mathilde ilianza mzunguko wake siku ulipoingia darasa la kwanza, basi sasa uko darasa la tano ndipo inapoumaliza. Njia yake si duara kamili. Mara huwa umbali wa kilometa milioni 290 kutoka kwenye jua, mara huenda mbali hadi kilometa milioni 500.

Lakini Mathilde imefanywa kwa kitu gani? Ni jiwe la aina gani? Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeweza kujibu kwa hakika, maana hata katika darubini kubwa ilikuwa kitone tu. Wataalamu walitambua jambo moja: kwa ukubwa wake, nuru yake ilikuwa hafifu mno. Walikisia kuwa ni kitu cheusi sana.

Weusi wa Mathilde

Kitu cheupe hurudisha sehemu kubwa ya nuru inayokiangukia. Kitu cheusi huimeza. Karatasi ya daftari lako hurudisha nuru nyingi, ndiyo maana jua la mchana likiipiga hukuumiza macho. Mathilde hurudisha sehemu 4 hivi tu katika kila sehemu 100 za nuru ya jua. Sehemu 96 zinazobaki humezwa. Kipande cha mkaa kutoka jikoni kwenu kingeonekana si cheusi sana kama ukikiweka kando ya udongo wa Mathilde.

Kinachofanya weusi huo ni kaboni. Kaboni imo katika vitu vingi unavyovijua, ingawa mara nyingi huioni. Jaribio lifuatalo litakuonyesha.

Jaribio la 1. Utahitaji kijiko kikuukuu cha chuma, sukari kidogo, koleo au kitambaa kinene cha kushikia, jiko lenye moto, na kifuniko cha sufuria kilicho baridi na kikavu. Fanya jaribio hili mbele ya mwalimu wako. Weka sukari katika kijiko, kisha ushikilie kijiko juu ya moto. Tazama sukari inavyobadilika. Kwanza huyeyuka, kisha huwa na rangi ya asali, kisha hudhurungi, halafu hutoa moshi. Shika kifuniko juu ya moshi huo kwa muda mfupi. Unaona nini upande wa chini wa kifuniko? Endelea kuunguza sukari mpaka moshi uishe. Kimebaki nini katika kijiko?

Matone uliyoyaona katika kifuniko ni maji. Kitu cheusi kilichobaki kijikoni ni kaboni. Vyote viwili vilitoka katika sukari, ingawa sukari ilikuwa nyeupe na kavu. Masizi ya chini ya sufuria ni kaboni pia, na mkaa vilevile sehemu yake kubwa ni kaboni.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Mtu akisikia kwamba Mathilde ina kaboni na ni nyeusi kama makaa, anaweza kudhani kuwa ni bonge kubwa la makaa ya mawe linaloelea angani. Si hivyo. Makaa ya mawe yanayochimbwa Kiwira au Ngaka yalitokana na mimea iliyoota zamani sana, ikafukiwa chini ya ardhi, ikagandamizwa. Mathilde haikuwahi kuwa na mimea. Kaboni yake ilikuwamo katika vumbi lililofanya jua na sayari, miaka milioni 4,600 hivi iliyopita. Tena kaboni si sehemu kubwa ya asteroidi za namna hii. Iliyo nyingi ni mawe na udongo. Ila kaboni kidogo huweza kukifanya kitu kingi kiwe cheusi. Chukua majivu meupe ujaze kikombe, tia kijiko kimoja cha masizi, ukoroge vizuri. Utaona mwenyewe. (Usitumie unga. Unga ni chakula.)

Chombo kinapita

Tarehe 17 Februari, 1996, Marekani ilirusha chombo kiitwacho NEAR. Hakikuwa na mtu ndani. Safari yake ilikuwa ya kwenda kwenye asteroidi nyingine iitwayo Eros, lakini wataalamu waliona kwamba njiani kingeweza kupita karibu na Mathilde. Wakaamua kisipoteze nafasi hiyo.

Chombo hicho kilipata nguvu ya umeme kutoka kwenye jua, kwa vibao vinavyofanana na vile unavyoviona juu ya mapaa ya nyumba nyingi siku hizi. Kilipofika kwa Mathilde, kilikuwa mbali na jua mara mbili ya umbali wetu sisi. Pengine utadhani kwamba mahali palipo mbali mara mbili, nuru hupungua ikawa nusu. Sivyo. Hupungua ikawa robo. Kwa hiyo umeme ulikuwa haba, na vipimo vingi vya chombo havikuweza kuwashwa. Kamera ndiyo iliyopewa kazi.

Tarehe 27 Juni, 1997, NEAR ilipita umbali wa kilometa 1,212 kutoka kwa Mathilde. Umbali huo unazidi kidogo safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mwendo wake ulikuwa karibu kilometa 10 kwa kila sekunde moja. Hapakuwa na namna ya kusimama wala kurudi. Kwa dakika zipatazo 25 tu kamera ilipiga picha zaidi ya 500. Chombo kilikuwa kinakuja kutoka upande wa giza, kwa hiyo Mathilde ilionekana kwanza kama mwezi mwandamo, utepe mwembamba wa nuru. Kisha ukapanuka, na uso wa asteroidi ukaonekana.

Haikuwa mviringo. Ni kitu kikubwa kupita katika anga zake mwenyewe, lakini hakina nguvu ya kutosha ya kujivuta kiwe kama mpira. Urefu wake ni kilometa 66, karibu sawa na urefu wa kisiwa cha Pemba. Upana wake ni kilometa 48, na kimo chake kilometa 46. Umbo lake ni kama kiazi kilichomegwa hapa na pale.

Mathilde hujizungusha yenyewe kama Dunia inavyofanya, lakini kwa uvivu mkubwa. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24. Mathilde huchukua siku 17 na zaidi. Kama ungesimama huko, mchana mmoja ungedumu karibu siku 9, na usiku vilevile.

Rangi yake nayo ilileta fundisho. Ukikwaruza masizi ya sufuria, chini yake utakuta bati linalong’aa. Weusi ule ulikuwa wa juujuu tu. Mathilde ina mashimo makubwa yaliyoingia ndani sana, kama kwamba mtu ameikwaruza kwa makusudi ili tuone kilichomo. Ndani ya mashimo hayo ni weusi uleule. Kwa hiyo wataalamu walijua kwamba asteroidi hiyo si jiwe jeupe lililopakwa masizi, bali ni nyeusi kote.

Kuipima bila mizani

Sasa tumefika kwenye jambo gumu zaidi katika somo hili, nalo ndilo linalostahili kusomwa mara mbili. Uzito wa Mathilde ulipimwaje? Hakuna mizani iwezayo kuipima, na chombo hakikuigusa.

Umejifunza kwamba kila kitu huvuta kitu kingine. Dunia inakuvuta wewe, ndiyo maana ukiruka unarudi chini. Mathilde nayo ilikivuta chombo kilipokuwa kinapita. Mvuto huo ulikuwa mdogo sana, lakini ulitosha kubadili kidogo mwendo wa NEAR. Ili kujua mvuto ulikuwa kiasi gani, ilitosha kujua mwendo wa chombo ulibadilika kiasi gani.

Je, umewahi kusimama kando ya barabara wakati basi linapita huku likipiga honi? Linapokuja, sauti ya honi huwa nyembamba. Linapokupita na kwenda zake, sauti hushuka, ikawa nzito. Honi yenyewe haikubadilika. Kilichobadilisha sauti masikioni mwako ni mwendo wa basi. Mawimbi ya redio hufanya vivyo hivyo. Chombo kilikuwa kinatuma mawimbi ya redio duniani wakati wote, na wataalamu wakayapima kwa uangalifu mkubwa. Kutokana na badiliko dogo la mawimbi walijua badiliko la mwendo. Kutokana na badiliko la mwendo walijua nguvu ya mvuto. Na kutokana na mvuto wakajua wingi wa kitu kilichovuta. Jibu lilikuwa tani 103 zikifuatwa na sifuri kumi na mbili.

Namba hiyo ni kubwa, lakini wataalamu walishangaa kwa sababu ilikuwa ndogo! Picha zilikuwa zimewaonyesha ukubwa wa Mathilde. Wakigawanya uzito kwa ukubwa, walipata kwamba kipande cha Mathilde chenye ujazo wa lita moja kina uzito wa kilo 1.3. Lita moja ya maji ni kilo 1. Jiwe la kawaida lenye ujazo wa lita moja ni kilo 2.7 hivi. Mathilde basi ni nyepesi kuliko jiwe, karibu nusu yake. Jiwe linawezaje kuwa na nusu ya uzito wa jiwe?

Jaribio la 2. Utahitaji kopo la lita moja, kokoto, maji, na chupa ya nusu lita. Jaza kokoto katika kopo mpaka ukingoni. Mwulize mwenzako kama kopo limejaa. Kisha mimina maji polepole kutoka katika chupa, mpaka maji yafike ukingoni. Umetia maji kiasi gani? Andika jibu lako katika daftari.

Utaona kwamba kopo “lililojaa” lilipokea maji mengi, pengine zaidi ya thuluthi moja ya lita. Maji hayo yameingia katika nafasi zilizokuwa baina ya kokoto. Mathilde ni kama kopo hilo, ila nafasi zake hazina maji wala hewa. Yaelekea nusu yake au zaidi ni uwazi mtupu. Kwa maneno mengine, si jiwe moja bali ni rundo la mawe, vipande na vumbi, vilivyoshikana kwa mvuto wao wenyewe tu.

Mvuto huo ni hafifu ajabu. Juu ya Mathilde nguvu ya kuvuta ni kama sehemu moja ya elfu ya ile ya Dunia. Gunia la mahindi la kilo 100, ambalo hapa hubebwa na mtu mwenye mabavu, huko ungelinyanyua kama unavyonyanyua kitu cha gramu 100.

Mashimo yake

Katika upande uliopigwa picha yalionekana mashimo mengi, na matano kati yake upana wake unazidi kilometa 20. Yalitokana na kugongwa na mawe mengine ya angani. Kubwa kuliko yote lina upana wa kilometa 33. Linganisha na bonde la Ngorongoro, ambalo upana wake ni kilometa 19 hivi. (Ngorongoro haikugongwa na jiwe, ni mlima wa volkano uliodidimia. Usichanganye mambo hayo mawili katika mtihani.)

Shimo la kilometa 33 katika kitu chenye upana wa kilometa 48! Ukilipiga embe kwa nguvu kiasi hicho litapasuka. Mathilde imepigwa mapigo ya namna hiyo mara nyingi na haikupasuka. Tena mashimo yake makubwa yapo jirani jirani, na lililokuja baadaye halikuliharibu sana lililotangulia. Kwa nini?

Jaribio la 3. Utahitaji donge la udongo lililokauka vizuri juani, kopo lililojaa majivu makavu, na jiwe dogo lenye ukubwa wa limau. Weka donge chini nje ya darasa, usimame mbali kidogo na wenzako, uliangushie jiwe kutoka kimo cha mabega yako. Rudia kwa nguvu zaidi mpaka upate badiliko. Kisha angusha jiwe hilo juu ya kopo la majivu. Eleza tofauti uliyoiona.

Donge hupasuka, na nyufa zake huenda mbali na mahali lilipopigwa. Majivu hayapasuki. Yanabonyea tu, kwa sababu nafasi zilizo ndani yake hujifunga na kuumeza msukumo. Ukiupiga mto wa sufi ngumi utaona jambo lilelile. Huenda wepesi wa Mathilde ndio uliouponya uhai wake: kitu kigumu kingevunjika vipande vipande, lakini rundo lenye uwazi ndani limebonyea na kubaki.

Mashimo hayo yamepewa majina. Kwa kuwa Mathilde ni nyeusi, chama cha kimataifa cha wataalamu wa nyota kilikubali kwamba mashimo yake yaitwe kwa majina ya sehemu zenye makaa ya mawe hapa duniani. Kwa hiyo utakuta huko Ishikari ya Japani, Kuznetsk ya Urusi, Bokaro ya Bara Hindi, Lublin ya Poland. Afrika nayo imo: Enugu ya Nijeria, Jerada ya Moroko, na shimo kubwa kuliko yote linaitwa Karoo, jina la nyanda za Afrika Kusini. Miamba ya Karoo haikuishia huko kusini. Inafika hata nchini Tanzania, na ndiyo yenye makaa ya mawe ya Ruvuma na Songwe.

Jiwe la Ivuna

NEAR haikuleta hata chembe ya Mathilde. Ilikwenda zake hadi Eros, ikaizunguka kuanzia mwaka 2000, na tarehe 12 Februari, 2001, ikatua juu yake. Lakini tunavyo vipande vya asteroidi nyingine nyeusi, na kimoja kilianguka hapa kwetu.

Tarehe 16 Desemba, 1938, kimondo kilianguka Ivuna, kusini ya Ziwa Rukwa, mahali panapojulikana kwa chumvi yake. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 kwa jumla, pungufu ya kilo moja ya sukari. Ni vyeusi, tena ni laini, hata huweza kupukutika vikishikwa vibaya. Mvua ingevipata kwa muda mrefu vingelainika na kupotea. Vimondo vya aina hiyo vilivyoonekana vikianguka, duniani kote, havizidi vidole vya mkono mmoja. Wataalamu wa nchi zote huiita aina hiyo kwa herufi mbili, na herufi ya pili ni ya jina la Ivuna.

Huenda umesikia zaidi habari za kimondo cha Mbozi, ambacho nacho kiko mkoa wa Songwe. Kile ni cha chuma, urefu wake ni meta 3 hivi, na uzito wake hukisiwa kuwa tani 16. Watu husafiri kwenda kukitazama, nao wana haki. Lakini kile kidogo cha Ivuna, ambacho kingeenea katika bakuli, kina mambo mengi zaidi ya kutufundisha. Ndani yake mna kaboni. Mna maji, yaliyofungwa katika chembe za udongo wake, kama yalivyokuwa yamefichika katika sukari uliyoiunguza. Mna hata vitu vidogo sana vya namna ile ambayo hujenga protini katika mwili wako. Jiwe hilo halikuwa hai wakati wowote, lakini limebeba baadhi ya vitu ambavyo viumbe hai hujengwa kwavyo.

Mwaka 2020 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilileta duniani gramu 5 na kitu za udongo mweusi kutoka asteroidi ndogo iitwayo Ryugu. Wataalamu walipouchunguza walitafuta unafanana na kitu gani wanachokijua. Ulifanana na vimondo vya aina ya Ivuna.

Wataalamu wengi wanafikiri kwamba Dunia ilipokuwa bado changa, mawe meusi ya namna hii yaliiangukia kwa wingi na kuiletea sehemu ya maji yake. Ni sehemu kiasi gani? Hilo bado wanabishana. Baadhi yao wanapima vipande vya Ryugu, na vile vilivyoletwa mwaka 2023 kutoka asteroidi Bennu, wakivilinganisha na maji ya bahari. Maji yaliyo katika mtungi wa kwenu ni sehemu ya ubishi huo.

Maswali

1. Kwa nini Mathilde haionekani kwa macho matupu, ingawa ina urefu kama kisiwa cha Pemba? Taja sababu mbili.

2. Chombo NEAR kilikwenda kilometa 10 kwa sekunde moja. Kingechukua sekunde ngapi kwenda kilometa 1,200? Hizo ni dakika ngapi?

3. Mwenzako anasema, “Mathilde ni nyeusi kwa sababu imefanywa kwa makaa ya mawe.” Mweleze kosa lake.

4. Ikiwa lita moja ya kitu kimoja ina uzito wa kilo 7.8, na lita moja ya kitu kingine ina uzito wa kilo 1.3, ni kipi kinachoweza kuwa chuma? Kinachobaki kinaweza kuwa na nini ndani yake?

5. Rudia Jaribio la 2 kwa kutumia mchanga badala ya kokoto, kisha kwa kutumia mchanganyiko wa mchanga na kokoto. Ni kopo lipi linalopokea maji machache zaidi? Eleza kwa nini.

6. Ukiokota shambani jiwe jeusi lililo zito kuliko mawe mengine ya ukubwa huo, na sumaku ikalivuta, je, laweza kuwa kimondo cha aina ya Ivuna au cha aina ya Mbozi? Toa sababu, kisha mwonyeshe mwalimu wako jiwe hilo kabla ya kulivunja.